Kwenda hifadhi ya mlimani ukiwa kwenye kiti mwendo: mwongozo wa anayeanza

Naandika hii kwa sababu maswali ni yaleyale kila siku. Kiti changu cha kawaida kitapita? Lazima ninunue kile cha matairi manene? Nikikwama huko juu nani atanitoa? Na choo je? Mtu anauliza, anapewa jibu nusu nusu, anakata tamaa, anabaki nyumbani kuangalia picha za wenzake. Mi mwenyewe natumia kiti mwendo na milima naipenda mno, na naamini kabisa wengi wanaojiambia "yale mambo sio yangu" wanaweza kwenda na wakafurahi, ila maandalizi yake sio kama ya mtu anayetembea kwa miguu, na ushauri mwingi uliopo umeandikwa na watu wanaotembea kwa miguu.

Kuna kitu kimoja nataka ukishike kabla ya vyote. Usikubali jibu la "ndio, panafikika". Aliyekujibu anaweza kuwa na nia nzuri kabisa ila kichwani mwake anamaanisha hakuna ngazi, basi. Wewe omba namba. Mwinuko asilimia ngapi, upana sentimita ngapi, mlango wa choo sentimita ngapi. Namba ndo zitakazokwambia uende au usiende.

Vitu vya kuwa navyo

Usikimbilie kununua. Soma mpaka mwisho kwanza ndo uone kipi unacho na kipi kinakosekana.

- Kiti kilichokaguliwa: breki, spoku, beringi za magurudumu madogo ya mbele, boliti za sehemu ya kuwekea miguu. Kitu kinacholegalega mjini huko mlimani kitachomoka.
- Glavu za kusukumia zenye kiganja kigumu. Sio za sufu, za sufu zinateleza kwenye ringi, lile duara la pembeni mwa gurudumu unalosukumia.
- Pampu ndogo, tyubu za akiba za saizi yako (za mbele na za nyuma kama zote zina upepo), viraka na solusheni, na spana zinazoingia kwenye boliti za kiti CHAKO. Zijaribu nyumbani moja moja.
- Kamba bapa imara, ile ya kufungia mizigo, mita 4 au 5. Kazi yake ntaieleza kwenye kupanda.
- Mkanda wa kiunoni. Hata kama mjini huutumii.
- Vifaa vyako vya choo, na idadi iwe mara mbili ya unayotumia siku ya kawaida: mipira ya mkojo, mifuko, glavu za hospitali, taulo za maji, mifuko ya kubebea taka maana hifadhi nyingi unarudi na taka zako.
- Nguo za tabaka tabaka, kofia, na koti la mvua fupi. Ponjo refu linaingia kwenye magurudumu, na likizungushwa linakuvuta shingo.
- Blanketi jepesi la dharura lile la rangi ya fedha, filimbi, simu yenye ramani uliyoshusha kabisa kabla ya kuondoka, pawabenki.
- Maji. Na hapa naomba unisikilize vizuri, watu wengi wanajinyima maji makusudi ili wasisumbuke na choo. Usifanye hivyo. Mlimani hewa ni kavu na unahema sana, mwili unakauka haraka, mkojo ukiwa mzito maambukizi yako karibu, na kichwa kikianza kuuma hutajua ni kiu au ni kimo (ugonjwa wa kuwa juu sana mlimani).

Sasa hatua zenyewe.

1. Chagua njia, sio mlima

Watu wanaanza na picha ya kilele. Wewe anza na njia moja moja. Hifadhi inaweza kuwa na njia kibao na zinazokufaa ni mbili tu, ila hizo mbili zikakupeleka ziwani kabisa au kwenye maporomoko, mahali ambapo hata wanaotembea wanapapenda.

Kitu cha kwanza ni hesabu ya mwinuko. Chukua mita ambazo njia inapanda, gawa kwa urefu wa njia kwa mita, zidisha kwa 100. Mfano mzuri ni Kuwohi, kilele cha juu kabisa cha hifadhi ya Great Smoky Mountains kule Marekani, mita 2,025, zamani kilikuwa kinaitwa Clingmans Dome. Toka parking mpaka kwenye mnara ni kama mita 800 tu na njia yote imewekwa lami. Ukisikia hivyo unasema hapa pangu. Lakini inapanda karibu mita 100 kwenye hizo 800, hiyo ni kama asilimia 12 hadi 13, na hifadhi yenyewe inasema wazi kuwa pamoja na lami yake njia ni kali mno kwa viti mwendo. Lami haikwambii chochote kuhusu mwinuko.

Linganisha na Sprague Lake kwenye hifadhi ya Rocky Mountain, jimbo la Colorado. Njia inazunguka ziwa, tambarare, udongo na changarawe iliyoshindiliwa, kama kilomita 1 na ushee, na milima iko mbele yako muda wote. Haina lami, na ni rahisi mara kumi.

Namba za kushika kichwani:

Asilimia 5 au pungufu ya hapo (mita 1 ya kupanda kwa kila mita 20) mtu mwenye mikono mizima anaenda mwenyewe muda mrefu kama chini ni pagumu. Asilimia 8.3 (mita 1 kwa kila 12) ndo ile ya rampu za majengo, na hapa ndo watu wanapodanganyika, wanasema mbona rampu ya ofisini naipanda kila siku. Rampu ya ofisini ni mita chache halafu unapumzika. Miongozo ya Marekani ya njia za porini inaruhusu mwinuko huo kwa mita 61 tu bila sehemu ya kupumzikia, asilimia 10 kwa mita 9, na asilimia 12 kwa mita 3 basi. Angalia hizo namba zinavyoporomoka, hazikuwekwa hivyo bure.

Kwa nini? Wewe na kiti na mzigo mkiwa kilo 100, mwinuko wa asilimia 8 maana yake ni kama umeshikilia kilo 8 zinazokuvuta nyuma muda wote, hata ukisimama. Weka na changarawe inayokula magurudumu juu yake. Mabega yako ndo miguu yako, ukiyaumiza leo kesho hutoki kitandani.

Na usiamini wastani peke yake. Njia ya wastani wa asilimia 4 inaweza kuwa na kipande cha mita 30 chenye asilimia 15 na hicho ndo kitakachokurudisha nyumbani. Programu nyingi za ramani za kutembea milimani zinachora mchoro wa kupanda na kushuka, tafuta pale mstari unapopanda wima ghafla.

Jambo ambalo karibu hakuna anayeuliza ni mlalo wa ubavuni, yaani njia inavyoinamia upande mmoja ili maji yatiririke. Ukizidi asilimia 2 hivi unaanza kuusikia, kiti kinataka kwenda bondeni na mkono mmoja unafanya kazi ya miwili. Kilomita nzima ya hivyo inachosha kuliko kupanda.

2. Piga simu na uliza namba

Tovuti za hifadhi zinasaidia kuanzia, ila mara nyingi zimeandikwa zamani, na mvua moja kubwa inabadilisha njia. Omba kuongea na askari wa hifadhi anayezunguka huko, sio anayekaa mapokezi. Mwambie "natumia kiti mwendo, upana wake ni sentimita kadhaa, uzito wangu na kiti ni kilo kadhaa" halafu uliza:

- Kipande kikali kuliko vyote kiko wapi na kina urefu gani?
- Njia sehemu nyembamba ni sentimita ngapi? (Chini ya 90 anza kuwa na wasiwasi.)
- Kuna geti, vizuizi vya pikipiki, kidaraja, ngazi hata moja? Hapa bana kabisa. "Hata moja" iseme mara mbili, maana mtu anayetembea haoni ngazi moja kama ngazi.
- Chini ni lami, mbao, changarawe ya kushindiliwa au ya kumwaga? Mvua ilinyesha lini mara ya mwisho na kuna tope?
- Choo kiko wapi, mlango una sentimita ngapi, ndani naweza kugeuka? Mlango mwembamba kabisa unaoweza kupita ni kama 80, kugeuka unahitaji duara la kama sentimita 150. Na je kinafungwa msimu wa baridi?
- Parking iko umbali gani na mwanzo wa njia, na katikati hapo kuna nini? Njia nzuri inaweza kuanza baada ya mita 40 za kokoto legevu.
- Kama kuna basi la hifadhi, lifti yake inabeba kilo ngapi? Kiti cha umeme pamoja na mtu mkubwa vinaweza kuvuka kiwango.
- Mna kiti cha njia mbovu cha kuazima?

Hilo la mwisho watu hawaliulizi kabisa na linaniuma. Kuna hifadhi zinaazimisha viti vya minyororo, vile vinavyotembea kama katapila, mfano Staunton State Park huko Colorado, unahifadhi nafasi mapema na unapita kwenye mizizi na mawe. Ufaransa kuna Joëlette, kiti cha gurudumu moja kinachobebwa na watu wawili mbele na nyuma, kilianza 1987 na sasa kinatumika nchi nyingi, na vikundi vingi vinatoa watu wa kujitolea kukibeba. Uliza. Wakisema hakuna, angalau wamesikia kuna anayehitaji.

Kama kupanda ni kwa kebo (gari linaloning'inia kwenye waya), uliza pia upepo. Kebo ya Table Mountain kule Cape Town inachukua viti mwendo vizuri kabisa na inakufikisha zaidi ya mita 1,000, ila upepo ukizidi inafungwa. Piga asubuhi ileile kabla hujatoka.

3. Tayarisha kiti

Kiti cha kawaida kinatosha kwa njia iliyoshindiliwa vizuri. Adui yako mkubwa ni magurudumu madogo ya mbele. Yanaingia kwenye ufa, yanasimama ghafla, na wewe unaendelea mbele. Kuna gurudumu moja kubwa la ziada linalofungwa mbele kwenye sehemu ya miguu, linanyanyua yale madogo juu na kiti kinakuwa cha magurudumu matatu. Kama una hela ya kununua kitu kimoja tu, nunua hicho kabla ya kufikiria kiti kipya. Cha pili ni matairi ya nyuma mapana yenye meno, ila pima kwanza kama yatapita kwenye fremu na breki.

Mzigo usiuning'inize nyuma kwenye vishikio. Kwenye tambarare hauoni tatizo, ukianza kupanda uzito unahamia nyuma na kiti kinapinduka chali. Weka chini ya kiti au mapajani. Vigurudumu vya nyuma vya kuzuia kupinduka viwe vimefungwa.

Kiti cha umeme: kupanda kunakula betri vibaya mno na baridi inapunguza chaji, kwa hiyo ile kilomita iliyoandikwa kwenye kitabu ihesabu nusu, na hiyo nusu ndo kwenda NA kurudi. Halafu hii naiandika kwa herufi kubwa: USIWEKE MOTA KWENYE FRII UKIWA KWENYE MTEREMKO. Viti vingi breki iko kwenye mota, ukiiachia ili wakusukume hakuna breki tena, na kiti cha umeme ni kizito, hakuna mtu atakayekishika.

4. Ongea na daktari kuhusu kimo

Ukiwa unaenda chini ya mita 2,500 na afya yako ni ya kawaida hapa utapita haraka. Ukizidi hapo, ugonjwa wa kimo unaweza kumpata yeyote, mwenye kutembea na asiyetembea. Na kumbuka tambarare sio chini: ile Sprague Lake niliyoisifia iko kama mita 2,650. Lala usiku mmoja au miwili sehemu ya katikati kabla ya kupanda zaidi.

Kwa wenye jeraha la uti wa mgongo kuna ya ziada. Joto linashuka kama nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000, na kama mwili wako hautetemeki au hautoi jasho chini ya jeraha basi hautakwambia kuwa unapata baridi au joto kupita kiasi. Gusa miguu kwa mkono, angalia soksi zimelowa au la, usisubiri kusikia. Waliojeruhiwa juu sana misuli ya kupumua ina nguvu kidogo, hewa nyepesi wataisikia mapema.

Dawa ya kuzuia ugonjwa wa kimo, acetazolamide, inaongeza mkojo. Mtu anayetumia mpira au ana ratiba ya choo lazima ajue hilo kabla, sio akiwa njiani.

Na mto wa hewa wa kukalia, kama unautumia. Kadiri unavyopanda, hewa ya nje inapungua na ile ya ndani ya mto inatanuka, mto unakuwa mgumu na unakaa juu yake badala ya kuzama ndani yake. Hapo ndo vidonda vya mgandamizo vinaanza. Kila ukipanda kama mita 300 ingiza mkono chini ya makalio uangalie, punguza hewa kidogo. Ukishuka ni kinyume chake, mto unalegea na unaweza kukaa mpaka ukagusa chini kabisa, kwa hiyo ujaze tena. Pampu yake usiisahau hotelini.

5. Panga watu na wape kazi

Kwenye njia rahisi nenda na mtu mmoja. Kwenye njia yenye vipande vikali wawe wawili wenye nguvu angalau. Kabla ya kuondoka waonyeshe kwa vitendo wapi pa kushika. Sehemu za mikono na za miguu zinazochomoka sio za kunyanyulia, na magurudumu sio ya kunyanyulia kwa sababu yanazunguka. Washike fremu.

Mkubaliane pia kuwa hakuna anayekusukuma bila kusema. Mtu mwema anakuja nyuma anasukuma ghafla, gurudumu la mbele linagonga jiwe, wewe uko chini. Neno la kusimama liwe moja fupi, na wote wasimame papo hapo likisemwa, na anayelisema ni wewe.

6. Jaribu karibu na nyumbani

Tafuta njia ya udongo yenye kilima kidogo, nenda na mzigo uleule, glavu zilezile, watu walewale. Kaa saa mbili. Hapo ndo utajua glavu zinachubua, mkanda unabana na tyubu ya akiba ni saizi ya kiti cha zamani. Pima muda wako kwa kila mita 500 za njia ya udongo. Huo ndo mwendo wako wa kweli, na ule muda ulioandikwa kwenye mabango ya hifadhi ni wa watembeaji, usiutumie kupanga siku.

7. Asubuhi ya siku yenyewe

Piga hifadhini uulize kama njia iko wazi. Wahi kufika, parking za walemavu ni chache na zinajaa. Ukipita getini waambie unaenda njia ipi, uko kwenye kiti, na unategemea kurudi saa ngapi, pia mwambie mtu aliyebaki nyumbani. Uliza namba ya dharura ya hifadhi na wapi simu inashika mtandao. Nenda choo cha mwanzo wa njia hata kama huhitaji, ili ujue kweli unaingia.

Jua la mlimani linachoma kuliko la chini hata kama kuna ubaridi, paka losheni mapajani na juu ya miguu maana hapo ndo panapigwa siku nzima ukiwa umekaa.

8. Kupanda

Inama mbele, sukuma kwa mikono mirefu ya taratibu, usirushe rushe. Ukisimama kupumzika geuza kiti kikate mteremko kwa ubavu ndo ufunge breki, kikiwa kimeelekea juu au chini breki peke yake inaweza kuteleza. Ila kama njia ni nyembamba au inainamia bondeni, usigeuze, msaidizi ashikilie nyuma.

Sehemu kali: mmoja anasukuma nyuma, mwingine anavuta mbele kwa ile kamba bapa iliyofungwa kwenye fremu pande zote mbili, chini, karibu na magurudumu ya mbele. Usiifunge juu. Anayevuta asijifunge kamba kiunoni. Aishike mkononi ili aweze kuiachia.

Njia za mbao zikiwa na unyevu zinateleza sana, na kama mbao zimelazwa kuelekea unakokwenda nyufa zake zinameza magurudumu madogo. Pita kwa kukata pembe kidogo.

Kila baada ya dakika 15 mpaka 30 nyanyua makalio au inama mbele kabisa kupunguza mgandamizo. Weka alamu kwenye simu. Mandhari yanasahaulisha, na barabara ya mitikisiko inaumiza ngozi kuliko sakafu ya nyumbani.

Amua saa ya kugeuka kabla hujaanza. Nguvu ya kupanda ikifika nusu, geuka, hata kama kilele kinaonekana pale.

9. Kushuka

Wengi wanadhani kushuka ni bure. Ajali nyingi za kiti mlimani ninazozijua zimetokea wakati wa kushuka, mikono imechoka na mtu ameshafurahi.

Breki za kiti cha kusukuma kwa mkono ni za kuegeshea, sio za kupunguzia mwendo. Ukizivuta ukiwa kwenye mwendo gurudumu moja linakamata kabla ya jingine, kiti kinazunguka au kinakurusha. Punguza kwa viganja kwenye ringi, kidogo kidogo tangu mwanzo, usisubiri kikimbie ndo ushike. Glavu zikipata moto simama. Kaa nyuma kwenye kiti, mkanda umefungwa.

Pakiwa pakali kuliko uwezo wako shuka kinyumenyume: msaidizi yuko nyuma yako upande wa chini, anarudi nyuma taratibu akizuia kwa mwili, wewe mikono iko kwenye ringi, na wa pili yuko juu ameshika kamba. Hapo hakuna haraka wala aibu, hata machela za waokoaji zinashushwa kwa kamba.

10. Jioni

Kagua ngozi kwa kioo au simu, makalio, visigino, pembeni mwa vifundo. Alama nyekundu isiyoondoka baada ya nusu saa maana yake kesho haukai kwenye kiti muda mrefu. Safisha mchanga kwenye beringi za mbele, kaza boliti, chaji kila kitu.

Mambo yakienda vibaya

*Kichwa kinauma.* Kama jeraha lako la uti wa mgongo ni usawa wa T6 (pingili ya sita ya mgongo, usawa wa kifua) au juu zaidi, usiseme moja kwa moja ni kimo. Angalia kwanza mpira wa mkojo umejikunja, mfuko umejaa, kiatu au mkanda unabana, umekalia kitu. Kichwa kinachogonga ghafla pamoja na jasho na uso kuwa mwekundu ni dalili ya presha kupanda kwa sababu mwili umekereka mahali usipopasikia. Kaa wima, usilale, legeza kila kinachobana, toa mkojo. Isiposhuka ndani ya dakika chache ni dharura, piga simu. Ukikuta hayo yote yako sawa na kichwa kimekuja polepole na kichefuchefu, basi huenda ni kimo, acha kupanda, na ikizidi shuka. Ukianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kuhema ukiwa umetulia unashuka saa hiyohiyo na unaita msaada.

*Pancha na tyubu imeisha.* Jaza nyasi au nguo ndani ya tairi, ibane, funga kwa kamba kuzunguka kama nafasi ya fremu inaruhusu. Inakufikisha barabarani kwa mwendo wa konokono.

*Gurudumu dogo limevunjika.* Msaidizi anainamisha kiti nyuma mpaka mbele kunyanyuke na mnakwenda kwa magurudumu mawili ya nyuma. Ondoa vile vigurudumu vya kuzuia kupinduka kwanza, na mbadilishane mara kwa mara kwa sababu mikono inachoka upesi.

*Betri inaisha.* Simama ukiwa bado na chaji, sehemu ya tambarare, na uite msaada. Usisubiri ife katikati ya mteremko.

*Mvua imekukuta.* Ringi zikilowa hazishikiki. Simama chini ya kitu (sio mti mmoja uliosimama peke yake kama kuna radi), funika mto na betri kwa mfuko wa plastiki, subiri. Udongo ukishageuka tope usilazimishe, magurudumu ya mbele yanazama na mnabaki mnachimba.

*Waokoaji wamekuja ila hawachukui kiti.* Hii hutokea, hasa kwa helikopta. Waambie mapema hali yako: unasikia wapi, husikii wapi, una mpira, una hatari ya vidonda. Lazimisha mto wako uende na wewe na ukalie huo, sio ubao mtupu. Kiti andika jina na namba ya simu kwenye fremu kabla ya safari, na mwache msaidizi abaki nacho.

*Umefika na geti la njia limefungwa au lina kizuizi usichopita.* Rudi kwa askari wa hifadhi uulize ufunguo, mara nyingi upo, vizuizi vingi vimewekwa kwa ajili ya pikipiki na magari. Usipopatikana uliza barabara ya huduma ile wanayopita wao na magari yao, mwinuko wake huwa ni wa kupimika na chini ni pagumu. Na ukitoka hapo piga picha ya kizuizi pamoja na kipimo, watumie kwa maandishi ukitaja sentimita.